‘HER2 chanya’ siyo VVU: jinsi ujumbe wa ndani ya seli unavyogeuka saratani

Jumamosi moja, jua limeshaanza kushuka upande wa ziwani, kijana mmoja wa mtaani kwetu Igoma, Mwanza, alikuja nyumbani na bahasha ya kaki mkononi. Alinipa shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akanyamaza. Nilimfundisha baiolojia kidato cha tatu na cha nne, na najua kunyamaza si kawaida yake. Baadaye akatoa karatasi moja, akaikunjua juu ya goti, akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa.

“Mwalimu, nisaidie hapa. Mama ana UKIMWI?”

Ilikuwa ripoti ya kinyama alichokatwa mama yake kwenye titi. Ripoti yenyewe ni ya Kiingereza. Aliyewakabidhi dirishani aliwatafsiria haraka haraka, “HER2 chanya, tatu plasi,” akaita jina linalofuata. Hiyo ilikuwa Jumanne. Kufikia Jumamosi baba alikuwa anaulizwa maswali na ndugu zake, na shangazi mtu alikuwa ameshatenga kikombe na sahani ya mgonjwa.

Siwalaumu hata kidogo. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini wagundulike Kagera mwaka 1983, sisi watu wa Kanda ya Ziwa tumelizoea neno “chanya” kwa maana moja tu. Halafu HER2 na HIV yote yanaanza na H. Kosa la kutofafanua maneno mawili lilitosha kumtenga mama na familia yake kwa siku nne. Mama huyu hakuwa na VVU, na karatasi ile haikusema lolote kuhusu VVU. Ilitaja protini ya mwilini mwake mwenyewe, protini ambayo kazi yake ni kupokea ujumbe wa “kua, gawanyika”. Chanya ilimaanisha kwamba kwenye uvimbe wake protini hiyo imezidi mno.

Mimi si daktari. Lakini mambo haya ndiyo ninayofundisha, na ninayasikia yakichanganywa kila siku kwenye daladala, msibani, na kwenye vikundi vya WhatsApp: zebaki ya machimboni, sukari, kurogwa, kisu cha daktari. Swali la kwa nini wagonjwa wengi wa saratani wanatoka Kanda ya Ziwa limefika hadi bungeni. Kila moja ya hoja hizo inakuwa rahisi kuipima mtu akishaelewa jambo hili: saratani inaanzia kwenye seli zako mwenyewe, pale mawasiliano yanayoziambia zikue au zisimame yanapoharibika.

Protini ipi hiyo?

Mwili wa mtu mzima una seli zinazokadiriwa kuzidi trilioni 30. Seli ni chumba kidogo kilicho hai, kimezungukwa na utando laini, na ndani ya chumba hicho kwa kawaida kuna kiini. Kiini kimehifadhi DNA, yaani daftari la maelekezo uliyorithi kwa baba na mama. Sehemu ya daftari yenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani ndiyo tunayoiita jeni.

Kwenye neno protini mama yule alipotoshwa mara ya pili. Jirani alimwambia: kama ugonjwa wako ni wa protini, basi acha dagaa, acha maharage, acha maziwa. Akaacha. Mgonjwa anayesubiri matibabu mazito akawa anashindia ugali na mchicha, wakati mwili wake ulihitaji nguvu kuliko wakati wowote.

Protini ya dagaa ukiila haiendi moja kwa moja kuwa HER2. Tumbo na utumbo huivunjavunja hadi vipande vidogo kabisa vinavyoitwa asidi amino, na seli huvichukua vipande hivyo kama fundi anavyochukua matofali, ikajenga protini zake yenyewe kwa kufuata daftari lake. Zipo zinazojenga misuli, zinazosaga chakula, zinazobeba oksijeni kwenye damu. Na lipo kundi kubwa ambalo kazi yake ni kupokea na kupitisha ujumbe. Hizi za ujumbe ndizo tunazozizungumzia. Kuacha dagaa hakuzipunguzi. Kunampunguza mgonjwa.

Nahodha asiyeuona mlango

Siku ukivuka kutoka mjini kwenda Kamanga, angalia kivuko kinavyopakia. Nahodha yuko juu kwenye chumba chake. Mlango wa chuma ulioshushwa nchi kavu uko chini, na malori yanaingia, na akina mama wa ndizi, na pikipiki zinazojipenyeza dakika ya mwisho. Nahodha hawezi kuona yote hayo vizuri. Anamtegemea mtu wa mlangoni. Mkono wa huyo ukipanda, mwenzake wa katikati anaitikia, na ishara inafika juu. Mlango unapanda, injini inabadilisha mlio, kivuko kinaondoka. Aliyeko mlangoni hakupanda ngazi. Ujumbe ndio uliopanda.

Seli inafanya kazi hivyo hivyo. Nahodha ni kiini chenye DNA, na hakioni nje. Kwenye utando wamesimama watu wa mlangoni, protini zinazoitwa vipokezi, nusu yao iko nje ya seli na nusu iko ndani. Kutoka kwenye damu au kwa seli jirani huja mjumbe, labda homoni, labda protini ndogo inayoitwa kichocheo cha ukuaji, naye hunasa kwenye kipokezi chake kama ufunguo kwenye kitasa. Hapo sehemu ya ndani ya kipokezi inabadilika umbo, na protini iliyo karibu inajua kuna habari.

Protini mojawapo ya karibu inaitwa RAS. Ifikirie kama swichi ya taa. Ujumbe ukifika inawaka, inapitisha habari mbele, na baada ya muda mfupi inajizima yenyewe. Kuna swichi nyingi mwilini. Hii inasifika kwa sababu ya huko kujizima, kama tutakavyoona.

Baada ya RAS ujumbe unabebwa na protini za jamii ya kinasi. Kinasi hugonga muhuri. Muhuri wenyewe ni kipande kidogo cha fosfati ambacho kinasi hukipachika kwenye protini inayofuata, na protini iliyogongwa muhuri huamka na kugonga inayofuata. Binadamu ana zaidi ya aina 500 za kinasi. Na zipo protini nyingine ambazo kazi yake ni kuufuta muhuri huo, ili habari ya jana isiendelee kuzunguka leo. Ujumbe ukifika kwenye kiini, protini kama MYC huliamuru daftari lifunguliwe kurasa za kukua na kugawanyika.

Mwiba wa sato

Yeyote aliyewahi kupara samaki Mwaloni, Kirumba, anaujua mwiba wa sato. Unateleza kidogo tu, mwiba wa mgongoni mwake unaingia kidoleni, damu inatoka. Ndani ya dakika chache chembe zinazogandisha damu zinakuwa zimeshaziba tundu, na wakati huo huo zinamwaga vichocheo vya ukuaji. Seli za ngozi pembeni ya jeraha zinapokea ujumbe: pengo lipo, gawanyikeni. Zinagawanyika. Baada ya wiki kidole kimefunga, kimebaki na alama nyembamba.

Cha ajabu zaidi kwangu ni kwamba zinaacha. Pengo likishajaa, ujumbe unakwisha, swichi zinazima, mihuri inafutwa, na hakuna mtu aliyewahi kuotewa na kidole cha pili pale alipochomwa na sato. Nikiwa darasani huwa nasimama hapo kwa muda mrefu, maana mwanafunzi akikielewa kisimamo, saratani haimsumbui tena kuielewa.

Vichocheo hivi havikujulikana zamani. Mmarekani Stanley Cohen aliwadunga panya wachanga majimaji kutoka tezi za mate za panya wakubwa, akaona wanafumbua macho na kuota meno mapema kuliko wenzao. Aliifuatilia protini iliyosababisha hayo, na mwaka 1986 yeye na Mwitaliano Rita Levi-Montalcini walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kuvumbua vichocheo vya ukuaji. Mwaka huo huo daktari Harold Dvorak aliandika kwamba uvimbe wa saratani ni kidonda kisichopona: mwili unaendelea kutoa ujumbe wa kuziba pengo ambalo halipo.

Ujumbe unapoharibikia

Mwaka 1982 maabara kadhaa Marekani zilikuwa zinachunguza seli zilizotoka kwenye saratani ya kibofu cha mkojo. Zilitaka kujua jeni yake inayosababisha ugonjwa inatofautianaje na jeni hiyo hiyo kwa mtu mzima wa afya. Jibu likawa herufi moja. Kwenye jeni ya RAS, kati ya maelfu ya herufi, imebadilika moja tu, na protini inayotokana nayo imepoteza uwezo wa kujizima. Swichi imenata ikiwa imewaka. Mlangoni hakuna mjumbe, kidonda hakipo, lakini nahodha anaendelea kuletewa habari kwamba mkono umepanda. Leo tunajua hitilafu za RAS ziko kwenye karibu saratani moja kati ya tano za binadamu.

Nikitaja kibofu hapa Usukumani lazima nitaje kichocho. Kichocho cha mkojo, ambacho zaidi utakipata kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga ya ndani kuliko ufukweni penyewe, ndicho kinachotambuliwa kusababisha saratani ya kibofu. Mayai ya minyoo hunasa kwenye ukuta wa kibofu, ukuta unachubuka, unajaribu kupona, unachubuka tena, mwaka hadi mwaka. Kila mara ujumbe wa “gawanyikeni” unatumwa, na kila seli inapogawanyika inanakili daftari lake lote. Anayenakili daftari mara elfu atakosea zaidi ya anayenakili mara kumi. Ndiyo maana mkojo wenye damu si dalili ya ukubwa wala ya ujana, na ndiyo maana vidonge vya prazikwanteli vinavyogawiwa mashuleni vina thamani kuliko vinavyoonekana.

Ujumbe wa kukua ukizidi, seli bado ina mkaguzi. Anaitwa p53, protini iliyogunduliwa mwaka 1979. Akikuta daftari limechanika, husimamisha kazi hadi litengenezwe. Likishindikana, huiamuru seli ijiue kwa utaratibu, bila kuwadhuru jirani. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina p53 iliyoharibika. Jua linaweza kumharibu mkaguzi huyu kwenye seli za ngozi, na ndiyo sababu ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina melanini ya kuwakinga, wanapata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Mtoto mwenye ualbino anayekulia Ukerewe akiwa na kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, analindiwa p53 yake hivyo.

Kirusi cha HPV hakisubiri jua. Kikiingia kwenye seli za mlango wa kizazi na kukaa humo miaka, kinatengeneza protini yake inayomkamata p53 na kumpeleka akavunjwe kama taka, na nyingine inayomfunga mikono mzuiaji mwingine anayeitwa Rb. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi zinapitia hapo, na hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wanaosema inaharibu uzazi wamelitazama jambo kinyume, maana kinachoharibu uzazi ni saratani yenyewe.

Sasa niseme habari ya ziwa letu hili hili. Upande wa pili, Kampala, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt alikuwa anaona watoto wenye taya zilizovimba, meno yamelegea, wengine jicho limesukumwa nje. Alichapisha maelezo yake mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliingia kwenye gari wakazunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa wiki 10, wakipita hospitali kwa hospitali kuuliza: huku mnawaona watoto hawa? Ramani waliyorudi nayo ilionyesha ugonjwa uko kwenye ukanda wa joto na mvua, kule kule kunakostawi malaria. Mwaka 1964 watafiti wa London, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo.

Kirusi hicho karibu watu wazima wote tunacho, na wengi wetu hakitufanyi chochote. Kwa nini basi mtoto mmoja aumwe? Malaria ya kurudiarudia huzifanya seli za kinga zigawanyike bila kupumzika, na kirusi huzisaidia zisife. Seli hizi, katika kazi yake ya kila siku, hukata na kuunga upya jeni za kutengeneza kingamwili. Mahali pa kukatakata ndipo pa kukosea. Kwenye uvimbe wa Burkitt jeni ya MYC, ambayo makazi yake ni kromosomu ya 8, imekatika na kuungwa mahali pa jeni ya kingamwili, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14. Ni sawa na mtu kuchukua waya wa kengele ya shule na kuuunga kwenye mashine ya kusaga inayonguruma kutwa. Kengele haitanyamaza. Uvimbe huo unaweza kuwa maradufu ndani ya siku moja au mbili, na mzazi anayedhani ni jino anaweza kumaliza wiki mbili akizunguka kung’oa meno. Kasi hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake: kemo, yaani dawa kali za saratani, hushambulia seli zinazogawanyika haraka, na watoto wengi wanaowahi matibabu kamili wanapona. Taya la mtoto likivimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hitilafu moja kwa kawaida haitoshi kuleta saratani ya mtu mzima. Zinahitajika kadhaa kwenye seli ile ile: swichi inate, mkaguzi aondoke, wafutaji wa mihuri wapungue. Hiyo inachukua miaka, na ndiyo sababu saratani nyingi hutukuta ukubwani.

Tunayoyasikia mtaani

“Amerogwa, maana kwao hakuna mwenye ugonjwa huu.” Ni kweli kwao hakuna, na hiyo ndiyo kawaida. Katika kila saratani 100, ni kama 5 hadi 10 tu zinazotokana na jeni mbovu ya kurithi. Nyingine ni hitilafu zilizotokea maishani, kwa moshi wa sigara, jua, virusi, sumukuvu ya mahindi na karanga zilizooza, pombe, na nyingine ni makosa tu ya kunakili daftari. Mtu anayetafuta kwa nini yeye na si ndugu yake ana uchungu wa kweli, na ninauheshimu. Lakini seli hukosea bila kumchagua mtu.

“Inaambukiza.” Kikombe cha mama yule kilikuwa hakina hatia. HPV na virusi vingine vinaambukiza. Saratani yenyewe haiambukizwi kwa kula pamoja, kulala kitanda kimoja wala kumwogesha mgonjwa.

“Sukari ndiyo chakula chake.” Kila seli inatumia sukari, ya ubongo kuliko nyingi. Kinachojulikana ni kwamba unene uliopitiliza huongeza homoni ya insulini, na insulini nayo ni mjumbe anayeziambia seli zikue. Punguza soda kwa sababu hiyo. Kumnyima mgonjwa uji wenye sukari hakuuui uvimbe.

Zebaki inawaumiza vibaya wachimbaji wetu wa Geita na kwingineko, na inajulikana vizuri zaidi kwa kuharibu neva na figo. Anayetaka kuihusisha na saratani ya Kanda ya Ziwa lazima aonyeshe inapita wapi: inachana daftari, au inawasha ujumbe upi? Swali hilo ndilo la kumuuliza kila anayetuletea mshukiwa mpya, awe samaki, maji au mfuko wa plastiki. Na tukilinganisha mikoa tusisahau kwamba kanda yetu ina watu wengi sana. Wagonjwa wengi kwenye foleni ya hospitali si lazima wawe wengi kwa kila watu laki moja.

Lakini linaloniumiza kuliko yote ni hili la kisu. “Usikubali kukatwa, kisu kinaiamsha.” Nimewazika watu kwa sababu ya sentensi hiyo. Seli za saratani zinasambaa kwa sababu zimeshapata ujumbe wa kujibandua, kusafiri na kujijengea mishipa ya damu, na ujumbe huo haukuletwa na daktari. Aliyekatwa akafa mwezi uliofuata, mara nyingi alifika hospitali ugonjwa umeshasambaa hadi kwenye ini au mapafu. Kinyama kinakatwa ili ijulikane kama ni saratani kweli, na ni protini gani imeharibika. Bila hicho, hakuna anayejua ampe dawa ipi.

Kusoma karatasi

Turudi kwenye goti la yule kijana. Ripoti ya titi kwa kawaida hutaja vipokezi vitatu. Viwili, ER na PR, ni vya homoni za kike. Tofauti na watu wa mlangoni niliowaeleza, hivi hukaa ndani ya seli, kwa kuwa homoni hizo zinapenya utando zenyewe. Vikiwa chanya, ujumbe unaolisha uvimbe ni wa homoni, na kuna kidonge cha tamoksifeni kinachokaa kwenye kiti cha homoni hiyo ili isipate pa kukaa. Hunywewa miaka mitano au zaidi, na anayeacha baada ya mwaka kwa kuwa “nimepona” anauachia ujumbe ule ule upite tena.

Cha tatu ni HER2. Seli ya kawaida ina jeni zake mbili, moja ya baba na moja ya mama. Katika saratani za titi kama 15 hadi 20 kati ya 100, jeni hiyo imejinakili mara nyingi mno, na badala ya makumi elfu ya vipokezi kwenye utando, seli inakuwa navyo zaidi ya milioni. Watu wa mlangoni wamesongamana hadi wanasukumana, na wakigusana tu ujumbe unatoka bila hata mjumbe. Maabara huipima kwa alama: 0 na 1+ huhesabiwa hasi, 2+ inahitaji kipimo kingine cha kuthibitisha, 3+ ni chanya isiyo na ubishi. Vikiwa hasi vyote vitatu, saratani hiyo huitwa hasi tatu, nayo huwapata wanawake wa Kiafrika kwa kiwango kikubwa kuliko wa Ulaya. Kemo ndiyo tegemeo lake kubwa.

Kabla ya 1998, HER2 chanya ilikuwa habari mbaya kweli. Mwaka huo Marekani iliidhinisha trastuzumabu, kingamwili iliyotengenezwa maabara, inayokwenda kukaa juu ya HER2 na kuubana ujumbe wake, huku ikiziita seli za kinga zije. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Bei yake imewashinda wengi, na hilo ni la kulisemea kwa sauti. Mwaka 2001 ilikuja imatinibu, ya saratani ya damu inayoendeshwa na kinasi moja iliyoungwa vibaya. Wengi waliokuwa wanahesabiwa miaka michache sasa wanaishi karibu kama watu wengine. RAS ndiyo iliyosumbua zaidi: tangu herufi ile ionekane mwaka 1982 hadi dawa ya kwanza ya kuizuia, ya saratani ya mapafu, ni mwaka 2021.

Dawa hizi nazo hushindwa. Ukifunga barabara ya Kigongo–Busisi, magari ya Sengerema yatapita Kamanga, na seli ya saratani ikizuiwa njia moja ya ujumbe hutafuta nyingine. Ndiyo maana daktari huchanganya dawa na kurudia vipimo, na si kwa sababu anabahatisha.

Kijana alinisikiliza hadi giza likaingia. Kisha akaomba kalamu, akageuza ile bahasha ya kaki na kuandika nyuma yake maswali ya kumwuliza daktari: ER na PR ni ngapi? Dawa ya HER2 ipo, na inalipiwaje? Ugonjwa umefika wapi? Nikamwambia aongeze la nne: atapimwa moyo lini? Akashangaa moyo unaingiaje kwenye titi.

Seli za moyo nazo zina HER2. Huko hailishi uvimbe wowote. Inasaidia misuli ya moyo kuhimili kazi yake. Dawa inayoizima kwenye titi inaweza kuipunguza na kwenye moyo, kwa hiyo moyo hupimwa kabla ya dripu ya kwanza na kila baada ya muda. Protini ni ile ile, na mama huyu alizaliwa nayo.

Jumanne iliyofuata alinitumia ujumbe kutoka hospitali ya Bugando: “Mwalimu, wameanza na moyo. Mama amekula sato mzima leo, na shangazi ndiye aliyempakulia.”